Glukosi moja inatoa ATP 38, 36, 32 au 30? Tuhesabu wenyewe, protoni kwa protoni

#1 MkufunziBayokemia

Wadau, salaam.

Mitihani ikikaribia linarudi swali lile lile: molekuli moja ya glukosi inaipa seli ATP (molekuli ambayo seli huitumia kama nishati) ngapi? Vitabu vya zamani vinasema 38, vingine 36. Vya karibuni vinasema 32, au 30 mpaka 32. Mwanafunzi anakariri namba ya kitabu alichonacho, na swali likitungwa kutoka kitabu kingine anakosa alama. Naomba hesabu hiyo tuifanye hapa hatua kwa hatua, mtu aone kila ATP imetoka wapi. Mwenye nyongeza aweke, mwenye masahihisho asisite.

Sehemu kubwa ya nishati ya glukosi hutoka kwanza kwa sura ya elektroni. Vimeng'enya huivua glukosi elektroni zake kidogo kidogo, na wabebaji wawili, NAD+ na FAD, huzipokea na kuwa NADH na FADH2. ATP nyingi huja baadaye, wabebaji hao wakishatua mzigo. Kwa hiyo tunaanza kwa kuhesabu wabebaji.

Glaikolisisi, yaani kuvunjwa kwa glukosi kuwa pairuveti, ina hatua 10, zote kwenye saitoplazimu, nje ya mitokondria. Hatua ya 1 inatumia ATP moja kubandika fosfeti kwenye glukosi. Hapo glukosi imefungiwa ndani, kwa sababu ikiwa na fosfeti haiwezi kurudi nje kupitia utando wa seli. Hatua ya 3 inatumia ATP ya pili, na kimeng'enya chake, fosfofruktokinesi, ndicho kidhibiti kikuu cha njia nzima: ATP na sitreti zikijaa kinazuiwa, AMP (ATP iliyobaki na fosfeti moja, dalili kwamba nishati imepungua) ikipanda kinaongeza kasi. Kisha molekuli ya kaboni 6 inakatwa kuwa mbili za kaboni 3, na kila moja inatoa NADH 1 na ATP 2. Ukitoa zile 2 zilizotangulizwa, faida ni ATP 2, NADH 2 na pairuveti 2.

Pairuveti zinaingia mitokondria. Changamano (kundi la protini zinazofanya kazi pamoja) la pairuveti dihaidrojenesi linaondoa kaboni moja kwa kila pairuveti ikiwa kabonidayoksaidi, linatoa NADH 1, na kinachobaki ni asetili-KoA yenye kaboni 2. Kwa glukosi nzima tumepata NADH 2 nyingine.

Kila asetili-KoA inaingia mzunguko wa Krebs (Hans Krebs aliueleza mwaka 1937) na kutoa NADH 3, FADH2 1, na GTP 1 ambayo ni sawa na ATP. Tunazo asetili-KoA mbili, kwa hiyo ni NADH 6, FADH2 2, ATP 2.

Jumla: NADH 10, FADH2 2, ATP za moja kwa moja 4. Hadi hapa vitabu vyote vinakubaliana. Ugomvi uko kwenye kubadilisha wabebaji kuwa ATP.

Angalieni pia kwamba kaboni zote 6 zimeshatoka na oksijeni bado haijaguswa. Oksijeni tunayovuta haiendi kwenye kabonidayoksaidi tunayotoa. Inaishia kwenye maji. Hili hukosewa hata na waliobobea kwenye masomo mengine ya sayansi.

#2 Mdadisi_Seli

Asante mwalimu. Mimi nilifundishwa NADH moja ni ATP 3 na FADH2 moja ni ATP 2. 10 × 3 = 30, 2 × 2 = 4, ongeza 4, jumla 38. Kosa liko wapi?

#3 MkufunziBayokemia

Hesabu yako ni sahihi, ila viwango vya 3 na 2 ni vya zamani. Wakati vilipowekwa, watafiti walidhani kila hatua kubwa ya mnyororo wa elektroni (changamano za utando wa ndani wa mitokondria zinazopokezana elektroni mpaka kwenye oksijeni) inatengeneza ATP moja nzima kupitia kemikali ya kati yenye nishati nyingi. Kemikali hiyo ilitafutwa miaka mingi, haikupatikana. Mwaka 1961 Peter Mitchell alipendekeza kwamba haipo: mnyororo unasukuma protoni kutoka upande mmoja wa utando wa ndani wa mitokondria kwenda upande wa pili, na protoni zikirudi ndizo zinazotengeneza ATP. Alipingwa vikali, na mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Basi tuhesabu protoni. NADH inatoa elektroni mbili kwenye changamano la I, ambalo linasukuma protoni 4. Elektroni zinapita changamano la III, zinasukumwa 4 nyingine. Changamano la IV linazikabidhi kwa oksijeni na kusukuma 2. Jumla 10. FADH2 inaingilia changamano la II, ambalo halisukumi hata moja, kwa hiyo inaambulia 4 + 2 = 6.

Kutengeneza ATP moja na kuifikisha saitoplazimu kunagharimu protoni 4 hivi: 3 za kuzungusha ATP sinthezi (kimeng'enya kinachotengeneza ATP), na 1 ya kuingiza fosfeti na kubadilishana ADP (ATP iliyopoteza fosfeti moja) na ATP kwenye utando. 10 ÷ 4 = 2.5. 6 ÷ 4 = 1.5.

NADH 10 × 2.5 = 25. FADH2 2 × 1.5 = 3. Ongeza zile 4. Jumla 32.

#4 Mdadisi_Seli

Na 30 inatoka wapi?

#5 BintiMaikroskopu

Nijibu hilo, mwalimu ukiruhusu.

NADH 2 za glaikolisisi zimezaliwa saitoplazimu, na utando wa ndani wa mitokondria hauruhusu NADH kupita. Zinazoingia ni elektroni zake tu, kwa kupokezana. Kuna njia mbili. Ya maleti na aspateti, inayotawala kwenye ini, figo na moyo, inakabidhi elektroni kwa NAD+ ya ndani, hakuna kinachopotea, zinabaki 2.5 kila moja. Ya gliseroli-fosfeti, inayotumika zaidi kwenye misuli ya mifupa na ubongo, inazikabidhi kwa FAD, kwa hiyo zinalikwepa changamano la I na kushuka kuwa 1.5 kila moja. Umepoteza ATP 2: 32 inakuwa 30. Hesabu ya zamani ilikuwa na pengo hilo hilo, ndiyo maana kulikuwa na 38 na 36.

Kwenye karatasi ya mtihani, andika 30 mpaka 32 na utaje njia ya kupitisha elektroni. Msahihishaji anayejua kazi yake hatakunyima alama.

#6 Mdadisi_Seli

Dada nimekuelewa vizuri sana. Linalonitatiza sasa ni nusu. Molekuli 2.5 za ATP zinawezekanaje?

#7 MkufunziBayokemia

Hazitengenezwi nusu. Protoni zote zinamwagwa kwenye hifadhi moja, na ATP sinthezi inachota humo bila kujali protoni ipi ililetwa na NADH ipi. 2.5 ni wastani.

ATP sinthezi yenyewe ni kifaa kinachozunguka kweli. Paul Boyer na John Walker walipata Nobel mwaka 1997 kwa kueleza jinsi kinavyofanya kazi. Mzunguko mmoja kamili unatoa ATP 3. Idadi ya protoni za mzunguko huo inategemea pete iliyo ndani ya utando ina vipande vingapi. Kwa mamalia ni 8, kwa hiyo 8 ÷ 3 = 2.67, ongeza ile 1 ya usafirishaji, gharama ni 3.67 kwa ATP. Ukitumia namba hiyo NADH inafika 2.7. Kwenye hamira pete ina vipande 10, gharama inapanda hadi 4.33. Kwa hiyo hata 2.5 ni namba ya kukadiria.

Zaidi ya hapo utando unavuja. Sehemu ya protoni inarudi ndani bila kupitia ATP sinthezi na nishati yake inaishia kuwa joto. Hesabu yoyote kati ya hizi ichukulieni kuwa dari ambalo seli hai hailifikii.

#8 Kocha_wa_Mbio

Mwalimu, kabla hamjaenda mbali, naomba tuzungumzie lakteti. Wanariadha wengi bado wanaamini kwamba maumivu ya misuli siku ya pili baada ya mazoezi ni "asidi ya lakteti" iliyobaki.

Lakteti haibaki mpaka kesho. Baada ya zoezi kali kiwango chake kwenye damu hurudi kawaida ndani ya saa moja hivi, na ukitembea au kukimbia polepole hushuka haraka zaidi. Maumivu yanayofikia kilele kati ya saa 24 na 72 yanatokana na michubuko midogo ya nyuzi za misuli na uvimbe wake, hasa baada ya mazoezi ambayo misuli inarefuka huku imebeba uzito, kama kuteremka mlima. Anayemkanda mwanariadha siku ya pili ili "kutoa lakteti" anatafuta kitu ambacho hakipo.

Lakteti inatengenezwa kwa sababu hatua ya 6 ya glaikolisisi inahitaji NAD+. Misuli ikichoma glukosi kwa kasi kuliko mitokondria zinavyoweza kupokea, NADH inajaa, NAD+ inaadimika, na njia nzima inasimama. Kuigeuza pairuveti kuwa lakteti kunarudisha NAD+ na kazi inaendelea. Tena hatua hiyo yenyewe inameza protoni, haizalishi. Moyo unaichoma lakteti kama mafuta ya kawaida, na ini linaigeuza kuwa glukosi tena kwa gharama ya ATP 6, wakati misuli ilipata 2 tu kutoka kwenye glukosi hiyo. Mwili unakubali hasara hiyo ili misuli ifanye kazi sasa na ini lilipe baadaye.

Kwa anayepanga mazoezi: ATP iliyopo kwenye misuli inatosha sekunde chache za nguvu zote. Kreatini-fosfeti inaongeza mpaka sekunde 10 hivi. Baada ya hapo glaikolisisi inabeba sehemu kubwa, na kadiri mbio zinavyozidi dakika moja na kuendelea, mitokondria zinachukua usukani. Akiba ya kreatini-fosfeti inahitaji dakika kadhaa kujaa tena. Ukimpa mkimbiaji wa mbio fupi mapumziko ya sekunde 30 kati ya mikimbio, kuanzia wa pili humfundishi kasi tena, unafundisha kitu kingine.

#9 Mdadisi_Seli

Mkuu, na mafuta je? Mwili wenye kilo nyingi za mafuta kwa nini uvunje misuli wakati wa njaa?

#10 BintiMaikroskopu

Swali zuri, na jibu lake liko kwenye hatua moja tu isiyorudi nyuma.

Asidi ya mafuta inasindikizwa na karnitini kuingia mitokondria, kisha inakatwa kaboni mbili mbili. Chukua asidi ya palmitiki yenye kaboni 16: inakatwa mara 7, inatoa asetili-KoA 8, NADH 7 na FADH2 7. Kila asetili-KoA kwenye Krebs ina thamani ya ATP 10 (NADH 3 ni 7.5, FADH2 ni 1.5, GTP ni 1). Hivyo 80 + 17.5 + 10.5 = 108, toa 2 zilizotumika kuiamsha mwanzoni, inabaki 106. Ndiyo maana gramu ya mafuta ina kilokalori 9 na gramu ya wanga au protini ina 4.

Lakini ubongo unahitaji takriban gramu 120 za glukosi kwa siku, na chembe nyekundu za damu hazina mitokondria kabisa, zinaishi kwa glaikolisisi pekee. Akiba ya glaikojeni (glukosi iliyounganishwa na kuhifadhiwa) kwenye ini ni kama gramu 100, inaisha ndani ya siku moja ya kufunga. Misuli ina gramu 400 hivi, ila haina kimeng'enya cha kuondoa fosfeti kwenye glukosi, kwa hiyo akiba yake haitoki kwenda kwenye damu.

Sasa, pairuveti ikishakuwa asetili-KoA hairudi kuwa pairuveti. Na asetili-KoA ikiingia Krebs na kaboni 2, kaboni 2 zinatoka zikiwa kabonidayoksaidi kabla mzunguko haujakamilika, hakuna ziada ya kujengea glukosi. Kwa hiyo asidi za mafuta za kawaida haziwezi kuwa glukosi. Gliseroli inayozishikilia inaweza, ila ni sehemu ndogo. Ini linalazimika kutumia asidi amino, na hapo ndipo misuli inapoliwa.

Kuendelea hivyo kungemaliza misuli upesi mno. Baada ya siku kadhaa ini linageuza asetili-KoA kuwa ketoni kwa wingi, na ubongo unajifunza kuzichoma mpaka karibu theluthi mbili ya mahitaji yake. Uvunjaji wa misuli unapungua, haukomi.

#11 Nesi_Mfawidhi

Nashukuru kwa maelezo haya. Niongeze upande wa wodini, kwa sababu njia mliyoichora inaonyesha wazi mgonjwa amekatikia wapi.

Thiamini, yaani vitamini B1, inahitajika kwenye pairuveti dihaidrojenesi na kwenye hatua nyingine ya mzunguko wa Krebs inayofanana nayo. Akiba yake mwilini ni miligramu 30 hivi, inatosha wiki chache tu. Mgonjwa aliyekonda sana, anayetapika muda mrefu, au mlevi wa siku nyingi akitundikiwa dripu ya glukosi bila thiamini, pairuveti inajaa na haina mlango. Inageuka lakteti, damu inakuwa na asidi, na ubongo unaweza kudhurika kabisa: kuchanganyikiwa, macho kushindwa kutembea sawasawa, kuyumba. Thiamini itangulie au iende pamoja na glukosi. Hata hivyo sukari ikiwa imeshuka kiasi cha kuhatarisha maisha, glukosi haingoji. Thiamini ifuate papo hapo.

La pili ni kumlisha aliyekaa na njaa muda mrefu. Chakula kikiingia, insulini inapanda na seli zinavuta glukosi. Kumbukeni hatua ya 1: kila glukosi inabandikwa fosfeti. Fosfeti ya kwenye damu inakimbilia ndani ya seli, pamoja na potasiamu na magnesiamu, na hiyo inatokea kwa mtu ambaye akiba yake ilikuwa imeshakwisha. Siku chache za mwanzo ndizo hatari. Misuli ya kupumua inalegea, moyo unapiga vibaya. Mtu mzima aliye kwenye hatari kubwa anaanziwa kilokalori zisizozidi 10 kwa kilo ya uzito kwa siku, aliye hoi zaidi 5, na kupandisha polepole kwa siku 4 mpaka 7, huku fosfeti, potasiamu na magnesiamu vikipimwa na kurudishiwa. Ndugu wa mgonjwa wakileta chakula kingi kwa upendo, wafafanulieni sababu. Amri tupu ya kuwakataza haisaidii.

#12 Mdadisi_Seli

Da Nesi, na sianidi? Mwalimu wetu alisema inamnyima mtu oksijeni.

#13 Nesi_Mfawidhi

Oksijeni anayo tele. Sianidi inang'ang'ania chuma cha changamano la IV, mahali pale pale elektroni zinapokabidhiwa kwa oksijeni. Mnyororo wote unaziba kuanzia mwisho kurudi nyuma, protoni hazisukumwi, ATP sinthezi inasimama. Damu ya kwenye vena inabaki nyekundu ang'avu kwa sababu seli hazikuichukua oksijeni, na lakteti inapanda mno. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaweza kuonyesha namba nzuri wakati mgonjwa anakufa. Dawa mojawapo ni haidroksokobalamini, gramu 5 kwa mtu mzima kupitia mshipa kwa dakika 15 hivi. Inaifunga sianidi na kuwa vitamini B12, inatoka na mkojo.

#14 MkufunziBayokemia

Kwa kuwa tumefika kwenye sumu, niseme la DNP (dinitrofenoli) kwa sababu bado inauzwa mtandaoni kama dawa ya kupunguza uzito. DNP haizibi mnyororo. Inabeba protoni na kuzipitisha kwenye utando bila kupitia ATP sinthezi. Elektroni zinakimbia, mafuta yanaungua, ATP haipatikani, nishati yote inakuwa joto. Ilitumika miaka ya 1930, na mwaka 1938 mamlaka za Marekani zikaitangaza haifai kwa binadamu. Joto la mwili linapanda bila breki, na hakuna dawa ya kuifuta. Tofauti kati ya kiasi "kinachofanya kazi" na kinachoua ni ndogo sana. Msiiguse, na mkimwona mtu anaiulizia mwambieni waziwazi.

Mafuta ya kahawia ya watoto wachanga yanafanya kitu kinachofanana, ila kwa protini maalumu inayofunguliwa na kufungwa kwa amri ya mwili, kumpa mtoto joto.

#15 Kocha_wa_Mbio

Mwalimu, nimesikia kwamba mwili unatengeneza makumi ya kilo za ATP kwa siku. Ni kweli au ni chumvi?

#16 MkufunziBayokemia

Tuihesabu. Mtu mzima aliyepumzika anatumia oksijeni kama mililita 250 kwa dakika, sawa na lita 360 kwa siku, takriban moli 16. Kila molekuli ya oksijeni inapokea elektroni 4, yaani jozi mbili, na kila jozi kutoka NADH ni ATP 2.5. Kwa hiyo 16 × 5 = moli 80. Moli moja ya ATP ina gramu 507. Unapata kilo 40, na hapo hajanyanyuka kitandani. Toa kidogo kwa jozi zinazopitia FADH2 na kwa kuvuja kwa utando. Bado ni makumi ya kilo. ATP iliyopo mwilini kwa wakati mmoja ni chini sana ya hapo, hivyo kila molekuli inatumika na kujazwa upya mamia ya mara kwa siku.

#17 Maabara_Kwanza

Nimesoma uzi wote. Kuna sehemu moja ambayo glaikolisisi inawaharibia watu majibu kila siku: kipimo cha sukari kwenye damu.

Damu ikishatolewa, chembe hai zilizomo ndani ya chupa zinaendelea kuchoma glukosi. Kwenye joto la kawaida la chumba sukari inashuka kama asilimia 5 mpaka 7 kwa saa. Sampuli ya 7.2 mmol/l ikikaa mezani saa 2 inaweza kusomeka 6.3, na mtu aliyevuka mpaka wa kisukari, ambao kwa sukari ya kufunga ni 7.0, akaambiwa hajavuka. Mwenye chembe nyeupe nyingi mno, kama mgonjwa wa saratani ya damu, sukari yake inashuka kwa kasi kubwa zaidi, na unaweza kupata jibu la chini la kutisha wakati mwenyewe hana dalili yoyote.

Watu wanadhani chupa ya kifuniko cha kijivu inamaliza tatizo. Haimalizi. Floridi iliyomo inazuia enolesi, kimeng'enya cha hatua ya 9 ya glaikolisisi. Hatua za juu zinaendelea kula glukosi mpaka zikwame zenyewe, kwa hiyo saa ya kwanza, hata ya pili, sukari bado inashuka. Faida yake ni kwamba baada ya hapo inatulia. Chupa zenye sitreti na asidi ni bora kwa sababu zinakamata vimeng'enya vya hatua za mwanzo, heksokinesi (hatua ya 1) na fosfofruktokinesi (hatua ya 3), papo hapo.

Kama huna hizo, weka chupa kwenye barafu iliyochanganywa na maji mara tu baada ya kutoa damu, na tenganisha plazima ndani ya dakika 30. Geuza chupa taratibu mara 8 mpaka 10 ili dawa ichanganyike. Usitikise, chembe zitapasuka. Na muda damu ilipotolewa uandikwe kwenye chupa yenyewe, kwa sababu kwenye fomu hujazwa baadaye kwa kukisia.

#18 Mdadisi_Seli

Kaka, kwa hiyo plazima ikishatenganishwa sukari haishuki tena?

#19 Maabara_Kwanza

Ikitenganishwa vizuri na haina chembe, inabaki ilivyo kwa saa kadhaa kwenye joto la chumba, na kwa muda mrefu zaidi kwenye jokofu. Ila usiiache ikae juu ya chembe ndani ya chupa ile ile isiyo na jeli ya kutenganisha. Zinakutana tena ukiibeba vibaya. Hamishia kwenye chupa safi.